Sufuria Moja: Shajara ya Kumwanzisha Mwana Chakula

Lengo

Binti yetu anakaribia kutimiza miezi sita. Mradi ni huu: ifikapo miezi tisa, awe anakula kutoka sufuria ile ile tunayokula sisi, sehemu yake ikitengwa kabla chumvi na pilipili hazijaingia. Sitaki jiko letu liwe na vyakula viwili, cha wakubwa chenye samaki na kunde, na cha mtoto chenye uji mtupu. Naandika kwa sababu nyumba yetu ni ya watu wengi. Niko mimi na mume wangu, yuko mavyaa wangu, wako na wifi zangu, na kila mmoja atashika kijiko kwa wakati wake. Pasipo maandishi kila mtu atakuwa na mradi wake.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, kisha aanze vyakula vya kulikiza, yaani vya nyongeza juu ya maziwa, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Maana yake si kwamba maziwa yamekwisha nguvu. Mpaka atimize mwaka yatakuwa bado yanampa nusu au zaidi ya nishati anayohitaji. Kinachopungua ni madini, na hasa chuma. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi timilifu huja na akiba ya chuma aliyoichukua tumboni mwa mamake, na akiba hiyo huelekea kwisha karibu na mwezi wa sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, ijapokuwa hicho kidogo mtoto hukipokea vizuri. Kwa hivyo kijiko cha kwanza kina kazi maalumu, nayo si kumjaza tumbo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nimeandika CHUMA kwa herufi kubwa, kila anayemlisha alione.

Mei, mwishoni

Dalili zimetimia. Shingo imesimama, anakaa akiegemezwa mto, na tukiwa tunakula anaifuata sahani kwa macho na kwa mikono. Nimemjaribu kwa kijiko kitupu na ulimi hausukumi nje tena. Dalili hiyo ya ulimi ndiyo niliyokuwa nikiingojea zaidi. Mtoto ambaye bado ana msukumo huo akitema, si ukaidi; mwili wake haujawa tayari kumeza kizito.

Mavyaa alitaka tumwanze kwa chai ya maziwa na andazi la kuchovya. Nilimwambia, "Mama, chai tumwekee akikua. Majani yake yanazuia chuma kisiingie mwilini, na chuma ndicho tunachokitafuta." Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Haya, basi mimi nitamsetea boga. Wanangu wote nimewalea kwa boga na samaki wa kufikicha."

Nikakaa naye barazani anieleze kila alichokuwa akiwapa: boga na viazi vitamu vilivyosetwa kwa tui, changu wa kuchemsha akafikichwa, pojo zilizokorogwa, ndizi mbivu, papai. Ukiondoa chai na sukari, hivyo ndivyo vyakula ninavyovitaka mimi. Limenifurahisha sana jambo hili. Wako akina mama wengi mjini humu wanaodhani chakula bora cha mtoto hutoka kwenye mkebe wa dukani, ilhali mama mzima yuko nyumbani anayejua kukipika na hakuna anayemwuliza.

Jambo la pili ni maji. Mtaani kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, na yakikatika tunatumia ya kisima. Visima vingi vya kisiwa chetu cha Mombasa vina maji ya chumvichumvi. Sisi ndimi zetu zimezoea. Figo za mtoto bado changa, na ndiyo sababu chakula chake hakitiwi chumvi. Hakuna maana ya kuikataa chumvi ya mkononi kisha kuipitisha kwenye maji. Nimetenga mtungi mmoja wa lita 20, wa maji matamu, kwa uji wake na kwa kunywa. Yanachemshwa hata kama mwenye mkokoteni ameapa kuwa ni safi.

Juni, juma la kwanza

Tumeanza asubuhi. Chakula kikimtoa vipele au kikimtapisha, afadhali iwe mchana, kliniki iko wazi na sote tuko macho. Nilimnyonyesha kidogo kwanza ili asije na njaa ya kulia, kwa sababu mtoto anayelia hajifunzi chochote.

Chakula cha kwanza kilikuwa pojo. Nilizichagua zile zilizokobolewa, nikaziloweka usiku kucha, nikamwaga yale maji, nikazichemsha mpaka zikapasuka zenyewe. Kuloweka hupunguza vile vitu vya kwenye kunde ambavyo hushikana na chuma kikapita bila kufyonzwa. Nikaziseta, nikazipitisha kwenye chujio, nikazilegeza kwa maziwa yangu niliyoyakamua, na mwisho nikakamulia tone la chungwa. Chungwa lina vitamini C, nayo hukisaidia chuma cha kunde na mboga kuingia mwilini. Embe au papai baada ya chakula hufanya kazi hiyo hiyo.

Alikunja uso, akatikisa kichwa, pojo zikamtoka pembeni mwa mdomo mpaka kidevuni. Nikangoja. Aliutafuta ulimi wake mwenyewe, akamung'unya kile kilichobaki, halafu akaufungua mdomo tena. Vijiko vitatu vidogo vinatosha kwa kuanzia. Mavyaa aliona ni vichache mno, lakini alipoona mtoto amegeuza uso, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi, ameshiba huyo."

Tumekubaliana kuwa chakula kipya kinarudiwa siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine, ili kikimdhuru tukijue.

Kliniki amepimwa, akapewa matone ya vitamini A ya miezi sita. Muuguzi ameandika kwenye kijitabu cha mama na mtoto na mstari wa uzito unapanda.

Juni, juma la pili: habari ya uji

Jirani yetu mpenzi ametuletea unga wa lishe uliochanganywa wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu (karanga) na dagaa. Nimemshukuru kwa moyo, na nimemwambia wazi kwa nini binti yetu hatauanza sasa. Kwanza, akipata vipele hatutajua kimtoacho vipele ni soya, njugu au dagaa. Pili, njugu na soya zina mafuta, na unga wenye mafuta huchacha upesi katika joto na unyevu wa Mombasa. Tatu ni ukungu. Mahindi na njugu zikihifadhiwa pabichi huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Ukambani na maeneo jirani, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Mtoto mdogo anayekunywa uji wa unga mmoja kila siku hukutana na sumu hiyo, ikiwemo, kila siku.

Basi tunatumia wimbi peke yake. Tunanunua katika soko la Marikiti, kidogo kidogo, tunapepeta, tunaosha, tunaanika, tunapeleka kwenye mashine ya unga. Kitoweo kinaingia wakati wa kupika: pojo zilizosetwa, samaki aliyefikichwa, yai, au kijiko cha tui zito.

Nimetumia siku nyingi za juma hili kwenye uzito wa uji, na naona hapa ndipo watoto wengi hukosa. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 anahitaji kiasi cha kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya maziwa. Tumbo lake huchukua kama mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake, yaani mtoto wa kilo 8 hujaa kwa kikombe kimoja kisichofika mililita 250. Ukikijaza kikombe hicho uji wa kunywa, mwepesi, sehemu kubwa umempa maji. Atashiba, atalala, na hatakua. Kipimo chetu ni kijiko. Kijiko kikiinamishwa uji ukabaki pale pale, huo ni wake. Ukimwagika, urudi jikoni.

Shida ni kwamba uji mzito wa wimbi humkwama mtoto mdomoni. Hapa mavyaa alinikumbusha kimea. Unaloweka wimbi, unalimwaga maji, unalifunika kwa kitambaa kibichi mpaka litoe vimizizi vyeupe, unalianika kwenye jua kali likauke kabisa, unalifikicha vimizizi vianguke, kisha unalisaga. Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya cha kukatakata wanga. Tulipika uji mzito, tukauepua ukapungua moto, mavyaa akatia nusu kijiko cha chai cha unga wa kimea, akakoroga. Mwiko uliokuwa ukienda kwa nguvu ukaanza kuzunguka wenyewe. Uji ule ule, unga ule ule, umelegea mbele ya macho yetu bila kuongezwa tone la maji. Tukaurudisha motoni ukachemka tena kidogo kwa usalama. Wifi zangu walitaka tuurudie mara ya pili waone.

Tahadhari: kimea kikitoa harufu ya uvundo au madoa ya kijani, kinatupwa chote. Na tunatumia wimbi, si mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanidi.

Juni, mwishoni: samaki

Kusi imechacha. Mashua ndogo hazitoki, na samaki katika soko lililo karibu na bandari ya zamani, Mji wa Kale, ni wachache na wamepanda bei. Mtoto anahitaji kipande cha vidole viwili tu, kwa hivyo hatumnunulii samaki wake. Anakula kwenye fungu letu. Tunachagua changu au tafi, wadogo, wabichi, macho yang'aayo na mashavu mekundu ndani. Papa na sulisuli hatumpi. Samaki wakubwa walao samaki wenzao hukusanya zebaki nyingi mwilini, nayo hudhuru ubongo unaokua.

Mifupa ni kazi ya mavyaa na hataki kumwachia mtu. Anamchemsha samaki kwa maji matamu na kitunguu, anamweka kwenye sahani nyeupe chini ya dirisha, anaosha mikono, halafu anafikicha nyama kwa ncha za vidole viwili, nyuzi moja moja, akizibonyeza dhidi ya sahani. Mwiba mdogo hauonekani ila unasikika kwenye kidole. Akimaliza anapitia mara ya pili kwa mkono wa pili, kwani anasema mkono mmoja huzoea ukapitwa. Kisha anatia tui, anaseta pamoja na boga.

Huu ndio mlo alioupenda kuliko vyote. Chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mimea, na samaki akiliwa pamoja na kunde hukivuta hata kile cha kunde. Kwa hivyo pojo na samaki vitakwenda pamoja tangu sasa.

Mume wangu aliuliza habari ya dagaa, kwa kuwa ni rahisi na wapo siku zote. Dagaa wa pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Tutawaloweka na kubadilisha maji, na kumpa kwa uchache akishapita miezi minane.

Julai

Yai: limechemshwa mpaka limekauka kabisa, kiini na ute, likasetwa kwa maziwa. Hakuna vipele.

Njugu: hili tulilijadili sana, kwani wifi mmoja alisikia kuwa mtoto asipewe njugu mpaka aende shule. Ushauri wa zamani ulikuwa wa kuchelewesha. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 walioelekea kupata mzio. Waliopewa chakula chenye njugu tangu utotoni walipata mzio wa njugu kwa uchache sana kuliko walioepushwa, pungufu kwa takriban asilimia 80. Mtoto mwenye ukurutu mkali au aliyewahi kudhuriwa na yai apelekwe kwa daktari kwanza. Wetu hana. Nilikaanga njugu nilizozichagua moja moja, nikatupa zilizokunjamana na zilizobadilika rangi, nikazisaga zikawa laini kabisa, nikachanganya ncha ya kijiko kwenye uji. Njugu nzima ni marufuku nyumbani kwetu kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano. Inaingia kwenye koo la hewa na haitoki.

Maini: mara moja kwa juma na si zaidi, kwa sababu yana chuma kingi lakini pia yana vitamini A nyingi mno. Ya mbuzi yanasetwa vizuri kwa viazi.

Asali: wageni wawili tofauti wameileta kwa nia njema. Hapewi mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia zisichipue, na kuichemsha hakuziui.

Choo kimebadilika, kimekuwa kizito na cha harufu, na siku za ndizi nyingi kilimtesa. Tumepunguza ndizi, tumeongeza papai na maji ya kunywa kwa kikombe cha wazi, kimetulia. Vipande vya karoti hutoka jinsi vilivyoingia. Si ugonjwa.

Tumeanza vyakula vya mkononi: kipande cha kiazi kitamu kilichoiva hadi kinapondeka kwa ulimi, na parachichi. Alipokwama mara ya kwanza wifi alimrukia kutaka kumtia kidole mdomoni. Nilimzuia. Mtoto anayekohoa, anayetoa sauti na uso mwekundu, anajitoa mwenyewe, na kidole kitakisukuma kipande ndani zaidi. Wa kuogopewa ni aliyenyamaza, asiyeweza kulia wala kukohoa, midomo ikigeuka rangi. Huyo analazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, anapigwa mapigo matano kati ya mabega kwa kiganja. Pasipotoka kitu, anageuzwa na kusukumwa kifuani mara tano, na kurudia, huku mwingine akitafuta msaada. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka halibonyezwi. Tumefanya mazoezi sote kwa mwanasesere, na mavyaa pia.

Agosti

Mwezi mzito. Mafua yalimpata na meno yanatoka. Mchicha alioukubali Julai sasa anautema, na samaki pia. Ananyonya usiku kucha.

Haraka ya asubuhi ilimfanya mmoja wetu amkinge kiganja mdomoni na kumsukumia uji, namna wengi walivyolelewa hapa pwani. Nilisikitika, na tulizungumza jioni sote pamoja, kwa heshima. Uji unaosukumwa unaweza kuingia mapafuni. Zaidi ya hapo, mtoto anayelazimishwa hujifunza kwamba kijiko ni adui. Sisi tunachagua apewe nini na wakati gani. Yeye anachagua ale kiasi gani. Akigeuza uso, tunangoja, tunamwonyesha tena, akikataa tunaondoa bila ugomvi. Chakula kilichokataliwa hurudi baada ya siku kadhaa, kwa kiasi kidogo. Mtoto huweza kuhitaji kukionja mara nane, kumi au zaidi ndipo akikubali. Mchicha umerudi tena na tena, mara kwenye pojo, mara kwenye tui, na mwisho wa mwezi ameumeza bila kukunja uso.

Chujio limestaafu. Sasa tunaseta kwa uma na kuacha mabonge. Mtoto anayecheleweshwa na vilaini mpaka apite miezi tisa, kumi, mara nyingi husumbua kutafuna baadaye.

Chakula kilichobaki kwenye sahani yake hakirudishwi sufuriani wala hakingojei jioni. Mate yameingia na joto letu halisamehe.

Septemba

Miezi tisa. Amechomwa sindano ya surua na rubela. Uzito ulitulia wakati wa mafua, sasa mstari umeanza tena kupanda, na muuguzi ameridhika. Anakula mara tatu, na kitu kidogo katikati. Kutoka miezi 9 kalori za chakula zinapanda hadi kiasi cha 300 kwa siku.

Sufuria moja imewezekana. Utaratibu wa jiko ni huu. Mchuzi unaanzwa kwa kitunguu, thomu, tangawizi, nyanya, bizari na dania, kwa maana viungo havimdhuru. Vinamzoesha ladha ya nyumbani. Samaki au kunde zikiiva, upawa mmoja unaingia kwenye bakuli lake la bati. Hapo ndipo chumvi na pilipili huingia kwa ajili yetu. Wali wa nazi tulikuwa tukiutia chumvi mwanzoni; sasa wali haupikwi kwa chumvi, chumvi tunaitia mwishoni kwenye mchuzi wetu, na mume wangu amekiri ameuzoea. Mbaazi za nazi anazila kwa mkono, moja moja, zikiwa zimebonyezwa. Muhogo anapewa, lakini daima na kitoweo, kwa kuwa peke yake una wanga na si mengi mengine.

Yaliyobaki: kumfundisha kushika kijiko chake, kuongeza nyama ya kusaga, kumjaribu dagaa walioloweshwa, na kutafuta namna ya kumpa samaki wa kutosha kabla bei haijashuka na kaskazi. Unga wa wimbi umekwisha. Jumamosi wifi anakwenda soko la Kongowea na nimemwandikia anunue kilo mbili, asizidishe.